Kabla uende riyunioni ya shule: venye unaweza kukaa chini uangalie maisha yako vizuri

Kama umeshawekwa kwa grupu ya WhatsApp ya klasi yenu ya zamani basi unajua venye mambo huenda. Kwanza ni picha za kitambo, mtu anatuma ile ya mbele ya bweni imefifia, watu wanaanza kuulizana huyu wa tatu kutoka kushoto ni nani, alafu anatokea mtu wa mipango anasema jamani imefika miaka 20, ama 25, si tukutane, hoteli inatafutwa, namba ya mweka hazina inatumwa, na usiku unajikuta umelala macho wazi ukijiuliza wataniuliza nini na mimi nitawajibu nini.

Hii nimeandikia mtu ako hapo. Naamini kabisa kwamba mtu asiende kuonana na watu walimjua akiwa na miaka 16 kabla hajakaa na maisha yake mwenyewe, hata kama ni jioni chache tu. Siku ya mkutano miaka yote hiyo inafinywa kwa swali moja, "siku hizi uko wapi, unafanya nini?", na mtu ambaye hajajitayarisha anaanza kujipiga kifua kwa vitu hata hajali sana, ama anajificha kwa kona na simu mpaka saa ya kwenda. Nimesaidia kupanga hii mikutano hapa Nairobi na nimewaona wa aina zote mbili, na nimeona pia wale wachache huingia wakiwa wametulia, hawana haraka ya kujieleza, wanauliza wenzao na wanangoja jibu. Ukiwafuata baadaye uongee nao utapata wengi walishafanya hesabu yao nyumbani mapema.

Jipe wiki tatu ama nne. Ukingoja wiki ya mwisho utakuwa unatafuta viatu.

Hatua ya 1: nunua kaunta buku, panga miaka

Usitumie simu kwa hii kazi. Simu itakupeleka kwa grupu, grupu itakupeleka kwa picha za mtu amejenga Kitengela, na hapo umeshatoka kwa maisha yako umeingia ya mwenzako.

Kila mwaka upe kurasa mbili, kuanzia Januari ile baada ya kumaliza fomu foo mpaka mwaka huu. Juu andika mwaka na umri wako. Wengi hukwama hapo hapo kwa sababu 2003 na 2005 zimeshikana kichwani, hujui ni gani ulifutwa kazi na ni gani ulihama. Kuna njia, na hata wanaohesabu watu hutumia wakitafuta umri wa mzee ambaye hana cheti: unafunga maisha yako kwa mambo ambayo kila mtu aliyaona. Ile Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 bomu ikilipuka mjini ulikuwa wapi? Mvua ya El Nino ya mwisho wa 1997 ilikupata nyumba gani? Stima zikikatwa kwa zamu mwaka wa 2000 ulikuwa unasoma na koroboi ama ulikuwa umemaliza shule? Kibaki akiapishwa Uhuru Park Desemba 2002 ulikuwa na kazi? Sheria za Michuki zikianza Februari 2004, matatu zikapigwa mstari wa manjano na watu wakafunga mikanda, nauli yako ilikuwa ya kwenda wapi kila asubuhi? Mara ya kwanza ulitumiwa pesa kwa M-Pesa, ambayo ilianza Machi 2007, nani alikutumia na ilikuwa ya nini? Alafu ile Januari ya 2008 ya vurugu za baada ya uchaguzi, katiba ya Agosti 2010, Thika Road mpya ya 2012, na kafyu ya corona kuanzia Machi 2020. Ukishapata ulikuwa wapi hizo siku, miaka ya katikati inaanza kujipanga yenyewe.

Sasa kwa kila mwaka jibu maswali manne tu: nilikuwa naishi wapi, nilikuwa nakaa na nani, nilikuwa nakula kutokana na nini, na nani alikuwa amenishikilia. Mimi naona nyumba hukumbusha kuliko kazi. Mtu wa Nairobi amehama sana, na ukitaja nyumba kwa mpangilio, labda single ya Kayole, alafu ile bedsita ya Zimmerman, alafu Umoja na klasmeti mkigawana kodi, kila moja inakuja na vitu vyake: rangi ya mlango, siku za maji, mitungi ya lita 20 imepangwa kwa koridoo na kila mmoja umeandikwa namba ya nyumba kwa rangi ya kucha, keyateka kugonga tarehe tano. Ukishasimama kwa huo mlango kichwani, utakumbuka ulikuwa unatoka hapo asubuhi ukienda wapi.

Jambo lingine la kujua mapema, ili usivunjike moyo. Wanaochunguza kumbukumbu wamegundua kwamba watu wazima hukumbuka zaidi mambo ya kati ya miaka 10 na 30 hivi, kwa sababu hapo ndio mambo mengi hutokea kwa mara ya kwanza. Kwa hivyo usishangae kurasa za shule na zile za kwanza mjini zikijaa mpaka pembeni na za juzi juzi zikae tupu. Hazikuwa tupu. Ni vile siku zilifanana: unaamka saa kumi na moja, unapeleka mtoto stegi, unashika matatu, unarudi usiku. Hizo kurasa zijaze kwa nguvu, tafuta hata jambo moja la kila mwaka, kwa sababu huko ndiko kuna kazi kubwa umefanya na hakuna mtu alikupigia makofi.

Hatua ya 2: fungua boksi

Kama uliendea bodingi basi mahali fulani, labda kwa mama nyumbani, kuna boksi la bati na jina lako kwa rangi nyeupe na namba ya admisheni. Hiyo namba naamini bado unaijua. Watu husahau namba ya kitambulisho lakini hiyo wanakutajia kwa mkupuo.

Toa kila kitu uweke kitandani. Leaving (cheti cha kumaliza shule), ripoti fomu, barua, kitabu cha otografu, na zaidi ya yote zile kadi za saksesi za kabla ya mtihani. Hizi zishike moja moja. Kuna zile za vumbi la kung'aa linabaki kwa vidole mpaka leo, na zile ukifungua zilikuwa zinaimba mpaka mwalimu wa prep anauliza ni nani huyo. Usisome yale maneno ya kuchapishwa, soma mistari miwili mitatu ya kalamu pale chini, kwa sababu hapo ndipo utaona shangazi ambaye hajui kuandika vizuri alikaa chini akaandika, ama mtu wa kanisa ambaye wewe hata hukumbuki kama alikujua. Angalia bahasha: muhuri wa posta unaonyesha mji na tarehe, na hiyo inakusaidia kujua nani alikuwa akiishi wapi mwaka huo. Andika majina yao kwa kaunta buku.

Kwa picha, mambo machache. Zile zimeshikana na albamu ya gundi usizivute, pitisha uzi wa kusafisha meno polepole chini yake kutoka kona moja mpaka nyingine. Ukipiga kopi na simu, weka picha karibu na dirisha mchana, zima flashi, simama usitupe kivuli. Usilaminate. Nyuma ya picha za studio mara nyingi kuna muhuri wa studio, na ile tarehe ya rangi ya machungwa kwa kona usiiamini sana, kamera nyingi hazikuwahi kusetiwa.

Najua kuna watu hawana boksi. Nyumba imeungua mtaani, ama mafuriko, ama ulitoka mahali 2008 na nguo za mwili peke yake. Kama ni wewe, uliza kwa upole kwa grupu mtu akutumie picha uko ndani, watu hupenda kuulizwa hivyo. Alafu fanya kitu kimoja ambacho mimi nakipendekeza kwa kila mtu hata mwenye boksi: tafuta gazeti la wiki mlipomaliza fomu foo. Akaivu pale Moi Avenue, ile watu hupatania, ndani kuna makavazi ya taifa yenyewe, na maktaba ya McMillan ya Banda Street iliyofunguliwa 1931 inajulikana kwa magazeti ya zamani. Piga simu kwanza ujue kama wanapokea wasomaji siku hiyo. Ukipata hilo gazeti usiishie kwa habari kubwa, fungua kurasa za kazi na matangazo. Ona kazi gani zilikuwa zinatangazwa, walitaka gredi gani, unga na sukari zilikuwa pesa ngapi. Utaelewa ulitoka shule ukaingia kwa nchi ya aina gani, na mambo mengine umekuwa ukijilaumu utaona yalikuwa makubwa kuliko mtoto wa miaka 18.

Hatua ya 3: ile gredi iandike mstari mmoja

Hapa nataka tukae kidogo.

Klasi nyingi zinazokutana sasa ni za 8-4-4, ule mfumo wa masomo ulioanza 1985, na KCSE yake ya kwanza, mtihani wa kumaliza fomu foo, ikafanywa 1989. A ni pointi 12, E ni 1. Na kwa miaka mingi ulikuwa unamaliza mtihani Novemba na majibu yanatoka Februari ama Machi, kutolewa Desemba kulianza 2016, kwa hivyo wengi wetu tulikaa miezi kama mitatu bila kujua, tukisaidia shambani ama dukani, alafu siku moja redio inasema waziri ametangaza, shule zinapangwa kwa gazeti kutoka ya kwanza, na kijiji kizima kinakungoja kwa njia kikuulize. Mtu anaweza kufikisha miaka 45, amesomesha ndugu zake, amejenga, na bado akiwaza kuingia hiyo hoteli anajiona akiwa na C ya kutoa.

Fanya hivi. Fungua ukurasa wa huo mwaka. Andika gredi, mstari mmoja, usiongeze neno. Chini yake andika mambo yaliyokuwa nyumbani miezi kumi na mbili kabla ya mtihani: ulitumwa nyumbani karo mara ngapi, nani alikuwa mgonjwa, kama baba ni mmoja wa wale walipunguzwa kazini miaka ya 90, kama shule ilikuwa na mwalimu wa fizikia ama mlikuwa mnasomeshana. Alafu ukurasa unaofuata andika ni milango gani kwa kweli ile gredi ilifunga, na ni gani ulifungua baadaye kwa njia nyingine. Kuna mtu hakuchukuliwa na JAB, ile bodi ilikuwa inachagua wa kuingia vyuo vikuu vya serikali, akaingia chuo cha ualimu. Kuna mtu alirudi darasani akiwa na watoto wawili akasoma jioni, paralelo, yale masomo ya kujilipia, zilipoanza Chuo Kikuu cha Nairobi 1998. Kuna mtu hakurudi, na alifungua duka. Yote iandike kwa maneno ya kawaida.

Na kama cheti chako kimebaki kwa kabati ya shule juu ya deni la karo, na najua watu wako hivyo mpaka leo, kifuate kabla ya mkutano. Sheria ya KNEC, baraza la mitihani, ya 2012 inasema cheti kisizuiliwe na mtu ama taasisi yoyote. Nenda na kitambulisho, ongea na ofisi kwa heshima, wakikataa omba wakuandikie sababu kwa barua. Ukikipata kabla ya siku yenyewe utaingia ukiwa mwepesi kwa njia ambayo ni ngumu kueleza.

Hatua ya 4: waulize waliokubeba

Kama mzazi ama aliyekulea bado yuko hai, mpelekee hii kazi. Usiende na swali la pesa moja kwa moja, wazee wetu hawapendi kuhesabiwa walichotoa. Anza na kitu kidogo: "Mama, ile siku ya kwanza ulinipeleka shule tulipanda gari gani?" Hapo atakuambia ni basi gani, mlitoka saa ngapi usiku, godoro lilifungwa wapi juu ya kerio, alibaki na pesa ngapi ya kurudi. Ukitulia yale mengine yatakuja yenyewe.

Rafiki yangu mmoja alimuuliza mamake hivyo, wakiwa wamekaa Dandora jioni wakichambua sukuma, na mama akamwambia, "Kwani hukujua? Ile cherehani ya Singer ndio ilikuwa karo yako ya fomu tuu temu ya pili." Miaka yote huyu rafiki alikuwa anadhani cherehani iliibiwa, kwa sababu ndivyo aliambiwa alipofunga shule akapata meza tupu. Akaniambia hiyo siku alishindwa kula. Mama naye aliendelea kuchambua sukuma akasema ilikuwa imezeeka, ilikuwa inakata uzi. Hata kama hilo la uzi ni kweli, ona venye mtu anaweza kutoa kitu kilichokuwa kikimpa mkate alafu akificha ili mtoto asome bila mzigo.

Ukipata ruhusa rekodi sauti yake kwa simu. Omba kwanza, mwambie ni ya nini. Alafu hiyo faili itume mahali pawili, usiiache kwa simu moja.

Hatua ya 5: jua waliotangulia

Hii ni nzito na ndio sababu nasema isifanywe siku yenyewe, kati ya chai na picha. Kila klasi ina watu hawapo. Kwa sisi wa miaka ya 90 orodha ni ndefu, na sehemu ya sababu tunaijua. Serikali ilitangaza ukimwi kuwa janga la taifa Novemba 1999, na dawa za kupunguza makali zikaanza kutolewa bure kwa hospitali za umma 2006. Hapo katikati tulizika watu wa miaka 24, 27, tukisema ni kifua, ni malaria ya kichwa, tukirudi mjini bila kuongea. Wengine walienda kwa ajali ya barabara, wengine wakati wa kujifungua, wengine 2008.

Uliza wanaopanga kama kuna orodha, na kama hakuna jitolee uisaidie. Kila jina lithibitishwe na watu wawili, maana imewahi kutokea mtu asomwe na yuko hai Eldoret. Familia ipigiwe simu iambiwe jina litatajwa. Sababu ya kifo isiandikwe popote. Na wewe binafsi, kwa kaunta buku, andika kila jina na kitu kimoja unachomkumbukia: alikuwa akikaa dawati gani, alikuazimia nini, alicheka aje. Kama kuna mmoja ambaye hukuenda matanga yake na bado inakusumbua, tafuta nambari ya dadake ama mamake, umpigie umwambie tu kwamba mnamkumbuka. Hizo simu huwa hazichukui dakika kumi na watu hushukuru mpaka unashindwa cha kusema.

Hatua ya 6: yale mazito yaandike peke yake

Mwaka wa 1963 daktari mmoja wa magonjwa ya akili kule Marekani, Robert Butler, aliandika kwamba mzee akirudia rudia mambo ya zamani hajachanganyikiwa, ni kazi ya kawaida ya akili ya kupitia maisha na kuyapanga. Hata ukiwa na miaka 40 hiyo kazi inaweza kuanza, na ikianza italeta vitu ulikuwa umeviweka chini kabisa.

Kwa hayo kuna njia ilijaribiwa na James Pennebaker na wenzake tangu miaka ya 80, na ni rahisi: chukua jambo moja, andika dakika 15 hadi 20 bila kuinua kalamu, siku tatu au nne mfululizo, usijali herufi wala sarufi, hakuna mtu atasoma. Siku ya kwanza utajisikia vibaya zaidi na hiyo ni kawaida. Lakini ukiona usingizi umepotea kabisa ama mawazo ya kujidhuru yanakuja, wacha kuandika, mwambie mtu leo leo, ama piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure.

Hatua ya 7: kama ulimnyanyasa mtu, ama ulinyanyaswa

Mambo ya mono, yaani mwanafunzi mgeni wa fomu wan, tunayasimulia tukicheka. Mono kuimbia kijiko kama maikrofoni, kufua soksi za bweni nzima, kulala bila blanketi. Lakini kwa ile grupu kuna mtu hajawahi kuandika neno hata moja, anasoma tu, na inawezekana ni kwa sababu anayesimulia akicheka ndiye alimfanyia.

Kama unajua ulifanya, msamaha uombwe kabla ya siku, kwa simu, nyinyi wawili. Taja kitu chenyewe: "Ile usiku nilikumwagia maji kitanda, nimekuwa nikiifikiria, ilikuwa makosa." Usiseme "kama niliwahi kukukosea", hiyo inamwachia yeye kazi ya kukumbusha. Usimwombe akujibu hapo hapo. Na usichukue maikrofoni siku ya mkutano ukamwombe msamaha mbele ya watu, utakuwa umemlazimisha akukumbatie.

Kama ulinyanyaswa wewe, huna deni la kusamehe mtu kwa sababu tu kuna keki. Chagua mapema utakaa na nani, na mwambie huyo rafiki asikuache.

Hatua ya 8: tengeneza jibu lako

Sasa rudi kwa lile swali. Ukiwa na kaunta buku imejaa utapata una mengi ya kusema, shida itakuwa kuchagua. Andika sentensi mbili za ukweli. "Nauza nguo Gikomba tangu 2011, na kijana wangu ako sekondari." "Nilikuwa kwa benki, tukapunguzwa wakati wa corona, saa hii nafundisha watoto hesabu jioni na natafuta." "Nimekuwa nikimuuguza mama miaka mitano, hiyo ndio imekuwa kazi yangu." Zisome kwa sauti ukiwa peke yako mpaka ziwe za kawaida mdomoni. Wacha kabisa ile ya "niko tu" na "nasukuma maisha", kwa sababu mwenzako atashindwa aendelee kukuuliza nini, na wewe utabaki na hisia kwamba hakuna alijali.

Tayarisha pia majibu ya yale maswali yanauma. Bibi yako ako wapi, una watoto wangapi, bado hujaolewa? Klasmeti wengi huuliza bila ubaya. Unaweza kusema "tuliachana, tuko sawa" na uishie hapo, ama "hatujabarikiwa na watoto", ama "hiyo tutaongea siku nyingine, niambie wewe kwanza". Yoyote kati ya hizo inatosha, na huna haja ya kueleza zaidi kwa sababu mtu amekaza macho.

Alafu andika majina matatu ya watu ungetaka kuwasikiliza, na swali moja la kila mmoja lisilokuwa la kazi. Ule mwaka wa kwanza baada ya shule uliishi wapi? Nani alikufundisha kupika? Ulijua lini baba amekuwa mzee? Ukiuliza hivyo mtu anaweka simu chini.

Hatua ya 9: pesa na nguo

Kwa haraka. Panga mchango na nauli kutoka kwa pesa uliyonayo, usiingie mkopo wa Fuliza juu ya hoteli. Kama mchango umekulemea mwambie mweka hazina pembeni, mapema, watu wazima huelewana. Vaa nguo ulishawahi kuvaa ukajisikia vizuri, viatu viwe vya kusimama saa nyingi. Usiazime gari. Kama mnamwalika mwalimu wa zamani, changeni bahasha moja na shali ama leso, na mtu aandike kwa kadi jambo halisi alilowafundisha.

Na kama umefanya haya yote na bado moyo unakataa kwenda

Basi usiende, na usidanganye una safari. Tuma mchango wako hata kama ni kidogo, mwandikie mwenyekiti kwamba mwaka huu hutaweza. Alafu kutoka kwa yale majina matatu chagua mmoja, umpigie, mpatane kwa hoteli ndogo ya chai mahali nyinyi wawili mnafika na matatu moja, Jumamosi saa nane, na umwambie abebe picha.